Kabla ya Kununua Dhahabu kwa Mtu Binafsi: Somo kwa Wananchi

Somo la toleo hili linahusu biashara inayofanyika kimya kimya katika kata zenye machimbo na hata zisizo na machimbo, nayo ni ununuzi wa dhahabu kutoka kwa mtu binafsi. Lengo la somo ni kumwezesha msomaji kutambua mbinu za matapeli, kufahamu vipimo anavyoweza kuvifanya mwenyewe pamoja na mipaka ya vipimo hivyo, kuielewa sheria, na kujua mahali pa kwenda kabla fedha yake haijatoka mfukoni.

Tuanze kwa mfano wa kubuni. Kikundi cha wajasiriamali kumi kimepata mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kabla hawajanunua mashine ya kusaga waliyoiombea mkopo, mweka hazina anapigiwa simu na mtu anayejitambulisha kuwa ndugu wa mchimbaji. Anasema ana gramu 100 za dhahabu, ana mgonjwa hospitalini, na yuko tayari kuuza kwa nusu ya bei ya soko. Anasisitiza kwamba jambo hili liwe siri, na kwamba mnunuzi mwingine anafika jioni. Wanakikundi wanapiga hesabu: wakinunua leo na kuuza kesho, mkopo utarudi mara mbili. Siku ya tatu wanagundua kwamba walichonacho ni shaba. Mashine haikununuliwa, marejesho yanadaiwa, na watu kumi waliokuwa wakiaminiana sasa wanatazamana kwa shaka.

Msomaji atauliza: je, wangewezaje kuitambua shaba ile? Swali hilo tutalijibu. Lakini lipo swali linalotangulia, na wengi hawalifikii: je, kama ingekuwa dhahabu halisi, wangekuwa wamefaidika?

1. Sheria inasemaje

Jibu ni hapana. Kwa mujibu wa Sheria ya Madini, Sura ya 123, mtu haruhusiwi kumiliki, kununua wala kuuza madini bila idhini inayotambuliwa na sheria hiyo. Mchimbaji mdogo huuza kwa kuwa ana leseni ya uchimbaji. Dalali hununua na kuuza kwa kuwa ana leseni ya udalali, na mfanyabiashara mkubwa kwa kuwa ana leseni ya biashara ya madini. Leseni hizi husimamiwa na Tume ya Madini. Mwananchi anayenunua dhahabu ghafi katika chumba cha nyumba ya wageni, bila leseni na bila nyaraka, anatenda kosa hata kama kila chembe aliyoinunua ni dhahabu safi.

Tangu mwaka 2019 Serikali ilianzisha masoko ya madini, la kwanza likifunguliwa Geita mwezi Machi mwaka huo, na baadaye masoko mengine pamoja na vituo vya ununuzi yakaenea katika mikoa yenye machimbo. Dhahabu inayoingia sokoni huulizwa ilikotoka. Aliyeinunua gizani hana jibu la swali hilo. Hawezi kuiuza kwa uwazi, hivyo hulazimika kuiuza gizani tena, kwa bei anayopangiwa na mtu asiyemjua.

Kwa hiyo mnunuzi wa uchochoroni hana njia ya kushinda. Dhahabu ikiwa bandia, amepoteza fedha. Ikiwa halisi, amejiingiza kwenye kosa, na halmashauri pamoja na Taifa vimekosa mapato ambayo yangejenga zahanati na madarasa. Hili ndilo jambo la kwanza la kushika katika somo hili: biashara yenyewe ipimwe kabla ya kupima dhahabu.

2. Mbinu zinazotumika

Bei ya kutupa. Bei ya dhahabu hufuata soko la dunia na hujulikana na kila mchimbaji. Mtu mwenye dhahabu halisi na nyaraka halali ana soko linalompa bei ya siku hiyo hiyo. Hana sababu ya kumtafuta mgeni kwa simu ili ampe nusu ya thamani. Punguzo kubwa ni dalili ya kwanza ya utapeli, ingawa kwa mnunuzi huonekana kuwa bahati.

Haraka na siri. Muuzaji hudai kuna mgonjwa, kuna mnunuzi mwingine, au kuna polisi wanaomfuatilia. Kusudi la maneno haya ni kumnyima mnunuzi muda wa kuuliza.

Sampuli halisi, mzigo bandia. Hii ndiyo mbinu inayowanasa hata wenye uzoefu. Muuzaji humruhusu mnunuzi achague kipande kidogo, akipeleke kwa sonara na kukipima. Kipande hicho ni dhahabu kweli. Wakati wa kulipa, mzigo mwingine wenye mfuko unaofanana huwekwa mezani. Mara nyingine chembe chache za dhahabu huchanganywa juu ya vumbi la shaba, ili mkono utakaochota juu ukutane na dhahabu. Kilichopimwa na kilichonunuliwa ni vitu viwili tofauti. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Uzito usio wa dhahabu. Dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki na isiyochomwa vizuri hubaki na zebaki ndani yake, na mnunuzi huilipia zebaki kwa bei ya dhahabu. Wengine huacha mchanga mweusi katika vumbi la dhahabu. Wengine huchezea mizani, ndiyo maana mizani halali ya biashara hukaguliwa na kuwekwa alama na Wakala wa Vipimo.

Malipo ya awali. Muuzaji huomba fedha kidogo ya kibali, usafiri au ulinzi kabla mzigo haujaonekana. Ikishatumwa, hutokea gharama nyingine, kisha nyingine, mpaka simu inapozimwa.

3. Vipimo na mipaka yake

Vipimo vifuatavyo vinaweza kumsaidia mwananchi aliyekwisha kuwa na pambo la dhahabu, aliyerithi kitu nyumbani, au anayetaka kuelewa anachoonyeshwa. Havimpi ruhusa ya kununua dhahabu ghafi bila leseni.

Jicho. Rangi hudanganya. Shaba iliyochanganywa na zinki, ile inayotengenezewa koki za maji na makomeo, hung'aa manjano. Lipo pia jiwe la chuma na salfa, paraiti, ambalo limewachekesha na kuwaliza wachimbaji duniani kote. Tofauti yake ni rahisi kuiona: dhahabu ikigongwa kwa nyundo hutandazika, paraiti husagika. Dhahabu ikisuguliwa nyuma ya kigae, upande usiong'arishwa, huacha mstari wa manjano. Paraiti huacha mstari mweusi wenye ukijani.

Jino. Wapo wanaong'ata wakiamini kwamba kulainika ni uthibitisho. Risasi ni laini kuliko dhahabu nyingi zinazouzwa, na kipande cha risasi kilichopakwa dhahabu hung'atika vizuri tu. Zaidi ya hayo, risasi ni sumu.

Sumaku. Dhahabu haivutwi na sumaku, kwa hiyo kipande kinachorukia sumaku kina chuma au metali nyingine inayovutwa, nacho kikataliwe. Lakini kisichovutwa hakijathibitishwa kitu, kwani shaba, zinki na risasi nazo hazivutwi. Sumaku inaweza kukataa, haiwezi kukubali.

Maji. Hiki ndicho kipimo bora cha nyumbani kwa kipande kigumu. Kila metali ina densiti yake, yaani uzito wake kwa kila sentimita moja ya ujazo. Densiti ya dhahabu safi ni gramu 19.3, ya risasi gramu 11.3, ya fedha gramu 10.5, ya shaba nyekundu karibu gramu 9, na ya shaba iliyochanganywa na zinki karibu gramu 8.5. Kwa kipimo hiki huhitajika mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, kikombe cha maji na uzi mwembamba.

Hatua ya kwanza: pima kipande kikiwa kikavu, kisha andika uzito wake.

Hatua ya pili: weka kikombe chenye maji juu ya mizani, kisha irudishe mizani kwenye sifuri.

Hatua ya tatu: funga kipande kwa uzi na ukishushe mpaka kizame chote, bila kugusa kitako wala kingo za kikombe. Soma mizani. Gramu zinazoonekana sasa ni sawa na mililita za maji yaliyosukumwa na kipande hicho, yaani ujazo wake.

Hatua ya nne: gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo.

Tuseme kipande kina gramu 58. Kikiwa dhahabu safi, mizani itasoma gramu 3.0 katika hatua ya tatu, maana 58 kugawanya kwa 3 ni 19.3. Kikiwa risasi itasoma 5.1. Kikiwa shaba ya koki itasoma 6.8. Dhahabu ghafi ya machimboni kwa kawaida huwa na kiasi cha fedha ndani yake, hivyo densiti yake hupungua. Kwa mfano, yenye asilimia 85 ya dhahabu na asilimia 15 ya fedha ina densiti ya karibu 17, na mizani itasoma 3.4.

Kipimo hiki nacho kina mipaka mitatu. Kwanza, kipande cha gramu chache husukuma maji machache mno, na kosa dogo la mizani huharibu jibu. Pili, vumbi halipimiki kwa njia hii. Tatu, ipo metali iitwayo tangsteni yenye densiti ya gramu 19.25, karibu sawa kabisa na dhahabu. Mche uliotiwa tangsteni ndani na kufunikwa dhahabu nje hupita kipimo cha maji. Hauwezi kupita tanuru, kwa kuwa dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,064 za Selsiasi, ilhali tangsteni huhitaji zaidi ya nyuzi 3,400.

Asidi na moto. Sonara hutumia asidi kwa ujuzi na tahadhari. Asidi ya naitriki haiyeyushi dhahabu, lakini huishambulia shaba na kutoa rangi ya kijani. Mwananchi asijaribu kipimo hiki nyumbani, kwa kuwa asidi huunguza ngozi na macho, na mvuke wake hudhuru mapafu. Vivyo hivyo, asichome dhahabu ghafi jikoni. Ikiwa ina zebaki, mvuke wake hauonekani, nao huwadhuru waliomo ndani, hasa watoto na wajawazito.

Mashine. Masoko ya madini yana mashine za mionzi zinazosoma kiwango cha dhahabu kwa muda mfupi bila kukata kipande. Hata hivyo mionzi hiyo husoma tabaka la juu tu. Ndiyo maana dhahabu huyeyushwa kwanza ili ndani na nje viwe kitu kimoja, kisha ndipo isomwe. Mtu anayekuonyesha karatasi ya majibu ya mashine bila kipande kuyeyushwa mbele yako amekuonyesha nusu ya ushahidi.

4. Fedha nayo hughushiwa

Madini ya fedha huuzwa zaidi yakiwa mapambo, vyombo na sarafu za zamani zilizorithiwa. Hapa mnunuzi wa kawaida hana budi kujua alama. Namba 925 humaanisha sehemu 925 za fedha katika kila 1,000. Kijiko au birika lenye herufi EPNS limepakwa fedha kwa juu tu, na metali iliyo chini yake haina fedha kabisa, ingawa huonekana nyeupe. Kwa dhahabu, namba 375 ni karati 9, 585 ni karati 14, 750 ni karati 18 na 916 ni karati 22. Alama yoyote yaweza kugongwa na mghushi, hivyo alama ianzishe uchunguzi badala ya kuumaliza.

Wazee wa pwani wanaikumbuka reale, sarafu ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, iliyotumika sana katika biashara ya Zanzibar na mwambao. Sarafu hizi zote zina mwaka 1780 hata kama zilichapwa miaka mingi baadaye, kwa hiyo tarehe peke yake haithibitishi umri wala uhalisi. Uzito wake ni karibu gramu 28, na fedha iliyomo ni sehemu 833 katika 1,000. Ukiipima kwa maji, mizani isome karibu gramu 2.75, na hapa inafaa mizani inayosoma hadi sehemu ya mia. Ikisoma zaidi ya gramu 3, uwe na shaka.

5. Njia iliyo salama

Anayetaka kuweka akiba katika dhahabu au fedha anunue pambo kwenye duka la sonara mwenye leseni ya biashara, adai risiti ya mashine ya kielektroniki, na risiti hiyo itaje uzito na karati. Aitunze pamoja na pambo.

Anayenunua pambo kwa jirani au ndugu asilipe mpaka wote wawili wawe wamefika kwa sonara anayechaguliwa na mnunuzi. Kipande kisiondoke machoni pa mnunuzi tangu kinapopimwa mpaka kinapolipiwa. Makubaliano yaandikwe na kushuhudiwa, ikiwezekana katika ofisi ya mtaa au kijiji. Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na utaratibu huu, kwa kuwa unamlinda yeye pia asije akaambiwa kauza kitu cha wizi.

Anayetaka kufanya biashara ya dhahabu ghafi aende katika ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa mkoa, aelezwe masharti ya leseni, kisha anunue na kuuza sokoni. Huko dhahabu hupimwa, huyeyushwa, hukadiriwa thamani mbele ya muuzaji na mnunuzi, na tozo za Serikali hukatwa kwa risiti.

Vikundi vyenye mikopo ya halmashauri vikumbuke kwamba fedha ile imetolewa kwa shughuli iliyoandikwa katika andiko la mradi. Pendekezo lolote la kuibadilishia matumizi lifikishwe kwanza kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata. Mweka hazina anayeambiwa afanye siri na wenzake ameshapewa sababu ya kutosha ya kukataa.

6. Ukishatapeliwa

Waliotapeliwa wengi hunyamaza. Wengine huona aibu. Wengine huogopa kwamba ununuzi wao haukuwa halali. Tapeli anaujua ukimya huo na anautegemea, kwa sababu ndio unaompa nafasi ya kwenda kata inayofuata. Kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Fanya yafuatayo bila kuchelewa:

Usimrudishie muuzaji kipande wala mfuko, na usimwambie kwamba umegundua. Hivyo ni vielelezo.

Ikiwa ulilipa kwa simu au benki, wapigie watoa huduma mara moja uombe muamala uzuiwe. Hifadhi ujumbe wote. Namba iliyotumika kukutapeli unaweza pia kuiripoti kwenye namba 15040.

Fika kituo cha polisi, eleza ukweli wote na upewe namba ya RB.

Mjulishe Mtendaji wa Kata ili wengine waonywe. Ikiwa mtumishi wa umma alihusika kwa kudai au kupokea rushwa, taarifa ipelekwe TAKUKURU.

7. Maswali ya kujipima

Swali la 1: Kipande cha gramu 77 kimesukuma mililita 9 za maji. Je, ni dhahabu? Jibu: 77 kugawanya kwa 9 ni karibu 8.6. Hiyo ni densiti ya shaba iliyochanganywa na zinki. Dhahabu safi ya uzito huo ingesukuma mililita 4.

Swali la 2: Muuzaji ameweka sumaku juu ya mche na haukuvutwa. Je, inatosha? Jibu: Haitoshi. Shaba na risasi nazo hazivutwi.

Swali la 3: Muuzaji amekukatia kona ya mche, ukaipima kwa sonara ikawa dhahabu. Anasema ataleta mche wenyewe jioni. Ufanyeje? Jibu: Ukatae. Kilichothibitishwa ni ile kona. Mche wa jioni haujapimwa na mtu yeyote.

Swali la 4: Vipimo vyote vimekubali, bei ni nusu, mahali ni chumba cha wageni, na hakuna nyaraka. Ununue? Jibu: Usinunue. Umejifunza kwamba dhahabu hiyo ni halisi; bado biashara yenyewe si halali.

Tunamwomba kila msomaji awasomee somo hili wanakikundi wenzake katika kikao kijacho, hasa mahali ambapo fedha ya wengi hushikwa na mikono ya wachache. Maswali yanapokelewa katika ofisi za kata na kwa Afisa Biashara wa Halmashauri siku za kazi. Kuuliza kabla ya kununua hakumgharimu mtu chochote, na majuto ni mjukuu.